Punje Niliyoiangusha Bila Kutazama

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko Krismasi zangu nyingi. Haikuwa siku ya msiba wala ya harusi. Watu walipanga mstari mbele ya darasa la shule, kila mmoja ameshika punje moja ya muhindi, na mimi, kijana wa miaka ishirini, nimekaa mlangoni na daftari nikiandika majina yao. Juzi uliniambia kwamba mwaka huu utapiga kura kwa mara ya kwanza, ukaniuliza umpe nani. Sitakujibu hilo. Nitakusimulia nilivyopiga kura yangu ya kwanza, uone nilipojikwaa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimerudi nyumbani, upande wa Titye, huko Kasulu, kutoka seminari ndogo. Sikufukuzwa. Baba alifariki, mama akabaki na wadogo zangu watatu, na gombera, mkuu wa seminari, akaniruhusu nirudi kumsaidia. Nilirudi na sanduku la mbao na Kilatini cha miaka minne. Kilatini hicho hakikuwa na kazi kijijini. Misa ilikuwa imekwisha geuzwa kuwa ya Kiswahili, na jembe halijali unalisemesha lugha gani. Lakini niligundua kwamba nikitaja neno moja la Kilatini mbele ya watu wazima, wananyamaza. Na kijana akishaonja kunyamaziwa na watu wazima hulewa upesi kuliko kwa pombe ya ndizi.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye migomba yao ya zamani, kule vilimani walikokaa mmoja huku na mwingine kule, wakapangwa kwa safu kando ya barabara. Tulikuwa bado tunajifunza nani ni jirani wa nani. Kitu kimoja kizuri tulichokikuta ni bonde chini ya kijiji, lenye unyevu mwaka mzima, ambako maharage yalikubali hata kiangazi. Vipande vya bonde viligawanywa na halmashauri ya kijiji, na mwenye neno la mwisho katika halmashauri alikuwa mwenyekiti.

Mwenyekiti wa kwanza alipohamia kwa wakwe zake Busunzu, ilibidi tuchague mwingine. Walisimama wawili. Mmoja aliitwa Mzee Anatoli, mfuga nyuki, mtu wa haki lakini mwenye maneno machache na mwendo wa taratibu hadi anaudhi. Wa pili alikuwa Bwana Sostenes. Huyu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, akarudi na Kiswahili kilichonyooka na bidii ya kazi. Paa la shule lilipatikana kwa sababu yake. Mimi nami ukarani wa kijiji niliupata kwa sababu yake, maana ndiye aliyenipendekeza. Hakuwa mtu mwenye kificho. Alisema mchana kweupe, kila mtu akisikia, kwamba bonde ni dogo, na yeye akichaguliwa litakuwa la wenyeji tu.

Aliposema wenyeji, sote tulijua nani si mwenyeji. Alikuwa Leokadia, mjane aliyevuka mpaka kutoka Burundi na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Wengine waliovuka naye walipelekwa mbali kwenye makazi ya wakimbizi, yeye akabaki kwetu kwa sababu mtoto mdogo aliugua, na alipopona mama yake alikuwa amekwisha panda maharage. Kirundi chake na Kiha chetu ni kama ndugu wa tumbo moja, tulielewana tangu siku ya kwanza, ingawa wasichana walipenda kumwiga anavyovuta maneno. Mzee Anatoli, akiwa mjumbe wa halmashauri, alimwombea kipande kidogo bondeni. Maharage ya kipande hicho ndiyo yaliyokuwa yakiwalisha wale watoto.

Siku tatu kabla ya uchaguzi Leokadia alikuja nyumbani kwetu. Alisalimia "Mwakeye," mama akamjibu na kumpa kigoda. Lakini hakumgeukia mama, alinigeukia mimi.

"Mwanangu msomi," akasema, "mimi si raia, sitapewa punje. Wewe utapewa, na watu wanakusikiliza. Sikuombi unitukanie mtu. Nataka nivune, kisha nipande tena. Basi."

"Nitaona, mama," nikamjibu.

Neno hilo nimelirudia moyoni mara nyingi tangu siku ile.

Ijumaa yake palikuwa na mkutano wa kijiji. Katibu wa kijiji alieleza kwamba, kwa kuwa wengi hawajui kusoma, tungetumia vyungu viwili. Kimoja kingechorwa jembe na kingine nyumba, kama alama za chaguzi kubwa zilivyokuwa wakati ule. Jembe lilikuwa la Anatoli, nyumba ya Sostenes. Kila mtu angeingia peke yake nyuma ya mkeka uliotundikwa na kuangusha punje kwenye chungu anachokitaka. Wazee walitikisa vichwa kama wameelewa. Ndipo Mzee Filipo, baba wa watu, aliyebatizwa uzeeni na asiyekosa misa hata moja, akainua fimbo yake.

"Katibu, niulize. Kura hii ndiyo ile waliyoipiga askari chini ya msalaba, wakagawana vazi la Bwana?"

Vijana walicheka. Wazee hawakucheka. Usiwacheke na wewe, mwanangu. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya pili, na wazee wengi walikuwa wamekipokea kanisani. Neno kura walikuwa wamelisikia mahali pawili tu. Pa kwanza ni pale msalabani, pa pili ni pale mitume walipotafuta mtu wa kuchukua nafasi ya Yuda, wakapiga kura, ikamwangukia Mathia. Kwao kura ilikuwa kijiti kinachotupwa, na Mungu ndiye anayejua kitaangukia wapi.

Katibu alikuwa Mwislamu kutoka Kasulu mjini, akaona mambo ya msalaba si yake. "Karani," akasema, "wewe ulikuwa kwa mapadre. Waeleze."

Nikasimama. Jibu lilikuwa jepesi. Ningesema: Hapana, babu, jina ni moja lakini kazi ni nyingine, hapa wewe ndiye unayechagua. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilipotazama mbele nilimwona Bwana Sostenes kwenye benchi la kwanza, miguu ameinyoosha, ananitazama kwa upole wa mtu aliyekupa kazi. Na nyuma, karibu na ukuta, alisimama Leokadia. Nikiwaambia watu wachague wenyewe, wataniuliza: Wewe unachagua nani? Na ningejibu nini, wote wawili wakinitazama?

Basi nikawasimulia habari za Mathia. Nikaeleza jinsi mitume walivyoomba kwanza, kisha wakamwachia Mungu. Nikasema kura ni mali ya Mungu, kwa hiyo waombe, waingie, waangushe punje, naye atachagua. Ili nifunge kabisa, nikaongeza kwamba Warumi waliita kura hiyo *sors*. Watu wakanyamaza kama nilivyozoea. Mzee Filipo akashusha fimbo. "Sasa nimeelewa," akasema. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi sikujikwaa peke yangu, niliwakwaza watu wa kijiji kizima.

Jumamosi ikafika. Waliingia mmoja mmoja, na waliotoka walikuwa na nyuso za watu waliotoka kupokea komunyo. Mzee Filipo alipotoka alinong'ona kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

"Nimefumba kabisa. Hata sikuchungulia."

Mama mmoja aliyemfuata akasema, "Mimi nimevizungusha vyungu kwanza, nisije nikamsaidia Mungu."

Katibu aliweka kalamu chini. "Karani, umewaambia nini watu hawa?"

"Nimewaambia wasali."

"Kusali hata mimi nasali," akasema. "Lakini nikienda sokoni huwa natazama mizani."

Hakuweza kusimamisha uchaguzi kwa sababu watu wamefumba macho. Hakuna kanuni iliyokataza. Punje nyingine zilikutwa sakafuni katikati ya vyungu, hazikuhesabiwa.

Zamu yangu ilipofika niliingia nyuma ya mkeka. Vyungu vilikuwa viwili, jembe kulia, nyumba kushoto, chaki inaonekana vizuri. Nilijua kabisa chungu nilichokitaka. Nikafumba macho, nikasali sala fupi, nikanyoosha mkono na kuiachia punje. Nilisikia imegonga udongo. Sikujua ni wa chungu kipi, na nilitoka nikijiambia kwamba hiyo ndiyo imani.

Bwana Sostenes alishinda kwa punje chache. Hakufanya hila yoyote, namshuhudia hivyo hadi leo. Na alitimiza alichosema. Baada ya wiki mbili Leokadia aliambiwa avune kilichopo, asipande tena.

Hakuja kunilaumu. Nilimwona asubuhi akishuka bondeni kupalilia maharage yake ya mwisho kwa uangalifu uleule, akanisalimia, akapita. Angenitukana ningelala vizuri zaidi. Jumapili ya tatu nikaazima baiskeli, nikaenda misheni Kasulu kumwona padre mzee aliyenifundisha Kilatini mwaka wa kwanza. Alikuwa Muha mwenzetu, amestaafu, na siku ile nilimkuta barazani akigandisha kwa gundi migongo ya vitabu vya misa vya zamani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Kaa. Shika hapa, ukilegeza kitaachana."

Nikashika kitabu, nikamsimulia yote. Lakini nilisimulia kama mtu anayeeleza mvua ilivyomnyeshea njiani, si kama mtu mwenye kosa. Nilisema watu waliamua hivyo, Mungu aliruhusu hivyo, na mama yule anasikitisha. Padre alipaka gundi hadi mwisho wa mgongo wa kitabu ndipo akasema.

"Waingereza kura wanaiitaje?"

"*Vote*, Padre."

"Wameiokota wapi?"

Sikujua.

"*Voveo*," akasema, akangoja.

Mdomo wangu ukaendelea wenyewe, kama enzi za darasani. "*Voveo, vovere, vovi, votum.*"

"Maana yake?"

"Kuweka nadhiri."

"Na *votum*?"

"Nadhiri yenyewe. Jambo mtu aliloliahidi mbele ya Mungu. Au analolitamani kwa moyo wote."

"Haya. Neno hilo Waingereza walilichukua, wakalikata mkia, wakaliingiza kwenye siasa zao. Mzungu akisema anapiga kura, neno lake, hata kama mwenyewe amesahau, linasema anaweka nadhiri: hiki ndicho ninachokitaka, na nitasimama nacho. Neno letu sisi lilitufikia kwa Waarabu, na mzizi wake ni kile kijiti cha bahati. Sikatai. Mzee Filipo hakukosea neno. Lakini neno likihamia kazi nyingine, mwenye akili huitazama kazi. Wewe ulijua kazi, ukawapa mzizi peke yake."

Nikajitetea kwa Mathia.

"Mitume walianza kwa nini?" akaniuliza. "Walitafuta kwanza watu wanaofaa. Waliposimama wawili, wote wazuri, na mitume hawana la kuwatofautisha, ndipo wakapiga kura. Kwako wewe, wale wawili walikuwa sawa?"

"Hapana, Padre."

"Ulimjua unayemtaka?"

"Nilimjua."

"Basi hukumwachia Mungu. Ulimsingizia."

Nilitazama gundi. Yeye alichukua kitabu kingine.

"Na ukatumia Kilatini," akasema. "Ningejua, ningekufundisha kupanda kabichi."

Nilimwuliza nifanye nini. Alisema kwamba uchaguzi ulikwisha, na Sostenes ni mwenyekiti wa halali, nisiende kufanya fitina. Lakini niwafumbue macho niliowafumba, mbele za watu, kama nilivyowafumba mbele za watu. Kisha akasema, "Yule mama hakuwa na punje. Punje yako ilikuwa yake pia. Iko wapi?"

"Sijui iliangukia wapi."

"Hiyo iliyoanguka iache. Nadhiri haimo kwenye muhindi. Nenda ukaitimize kwa kile ulichonacho."

Mkutano wa kijiji uliofuata niliomba nafasi. Niliwaambia kwamba niliwafundisha vibaya, kwamba katika kura ile kila mtu alitakiwa kutazama na kuchagua kama mtu anayeweka nadhiri, na kwamba mimi nililijua hilo siku ile ile nikaficha.

Mzee Filipo akainua fimbo. "Kwa hiyo, mjukuu wangu, nilifumba macho bure?"

"Bure, babu."

"Na magoti niliyopiga kabla?"

"Hayo si bure."

"Haya, afadhali. Maana goti la kushoto bado linauma."

Watu walicheka, na kicheko kile kilinisaidia kupumua. Bwana Sostenes hakucheka. "Karani, uchaguzi umepita. Unataka niondoke?"

"Hapana, Mwenyekiti. Wewe ni mwenyekiti wetu na nitakutii. Nataka kusema nililopaswa kusema Ijumaa ile. Ningefumbua macho, punje yangu ningempa Mzee Anatoli, kwa sababu ya shamba la Leokadia."

"Angalau sasa nakujua," akasema. Kisha akaendelea na ajenda ya choo cha shule.

Mwisho wa mwezi ukarani ulipewa mtu mwingine. Uamuzi wa bonde haukubadilika. Ukitubu, mwanangu, usitegemee kwamba dunia itarudi nyuma kukungoja.

Familia yetu ilikuwa na kipande bondeni, cha marehemu baba. Nilimwomba mama tukigawe, nusu alime Leokadia kwa kadiri atakavyokaa kwetu. Mama alikuwa akichambua mboga, hakuinua kichwa. "Baba yako angekuchapa kwanza," akasema, "halafu angekubali." Tukalipeleka jambo kwa mwenyekiti kwa heshima, naye akasema kila mtu hupanga na shamba lake mwenyewe, alimradi halmashauri haiombwi kipande kingine.

Tulimpeleka Leokadia bondeni kumwonyesha mpaka. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Bwana Sostenes alinifukuza huku ananitazama usoni. Yeye niliweza kumjibu. Wewe ulifumba macho. Mtu aliyefumba macho utamjibu nini?"

Akakunja kanga, akashika jembe, akaanza kupasua ardhi kutoka pale nilipokuwa nimesimama, hata ikabidi nisogee. Hakunishukuru, na hakukosea. Alilima pale miaka mingi, watoto wale wakakua pale, na baadaye, serikali ilipofungua mlango, wakawa raia. Mmoja ananunua na kuuza maharage Kakonko, pengine umewahi kupita dukani kwake.

Uchaguzi uliofuata, Mzee Filipo aliingia nyuma ya mkeka akakaa humo hata mstari ukaanza kunung'unika. Katibu akamwita, "Mzee, umelala?" Akajibu kutoka ndani, "Ngojeni. Nadhiri haikimbizwi." Alikuwa amewafundisha wenzake neno hilo katika kigango chote, kanisa letu dogo la kijijini, na sina hakika kama lilikuwa sahihi kwa kila sarufi, lakini kazi ilikuwa sahihi.

Sasa nikuambie ninalotaka ulishike, maana mwenye macho haambiwi tazama, lakini aliyeyafumba mwenyewe lazima aambiwe.

Sali kabla ya kupiga kura. Mimi nasali hadi leo. Lakini omba Mungu akuonyeshe, usimwombe akuondolee kazi ya kutazama. Waulize wagombea maswali mapema, ukumbuke walivyojibu. Ukifika pale ndani, jua unachokitaka, ukiweke kama mtu anayeweka nadhiri, ukijua utaulizwa. Na usidhani kwamba kazi imekwisha pale. Uliyemchagua akipotoka, wewe ndiye wa kwanza kumwendea, kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka. Aliyeshinda usiyemtaka, mtii katika haki, na utimize kwa jembe lako kile ulichotaka kitimizwe kwa kura.

Usisahau pia kwamba nje ya mlango yupo daima mtu asiye na kura. Pengine ni mgeni, pengine ni mtoto. Atakula au hatakula kutokana na mkono wako, naye hawezi hata kukuuliza.

Na elimu uliyopewa, usiitumie kuwanyamazisha watu. Ukiona wamenyamaza upesi mno baada ya neno lako kubwa, rudi, waeleze kwa neno dogo.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia na ujinga wangu, akanipa padre mkali na mama mpole, na mjane aliyeniambia ukweli akiwa ameshika jembe. Mungu huyo akutangulie asubuhi utakapotoka nyumbani. Imana, kama tunavyomwita Mungu kwetu, akuweke macho wazi na moyo mtulivu, mkono wako usitetemeke mbele ya mkubwa wala usikunjwe mbele ya mnyonge, na ulichokiahidi mbele zake akujalie nguvu za kukitimiza. Amina, mwanangu.